Lobu iliyong'ang'ania sifuri: uchambuzi wa kipimo kimoja cha uga wa karibu

Kisa kiko hivi. Kuna antena ya paneli, bapa, mraba wa sm 60 kwa sm 60, inafanya kazi kwenye GHz 10, ndani yake pachi nyingi (vipande bapa vya chuma vinavyorusha mawimbi) zimepangwa kwa safu na zote zinalishwa na mtandao mmoja wa laini zilizochapwa kwenye bodi. Hatua za fezi (fezi ni mahali wimbi lilipofika kwenye mzunguko wake, inapimwa kwa digrii) kwenye ule mtandao zimewekwa makusudi ili bimu, yaani mwale mkuu wa mawimbi, isitoke mbele moja kwa moja, iinuke digrii 12 kwenda juu, na nguvu imepunguzwa taratibu kuelekea kingoni ili lobu za pembeni (nguvu inayotoroka nje ya bimu) zisizidi −28 dB ukilinganisha na bimu kuu (dB ni kipimo cha uwiano, na hasi maana yake iko chini ya kilele). Antena ikapimwa kwenye chumba cha uga wa karibu, yaani mawimbi yanapimwa karibu kabisa na antena, patani (picha ya nguvu inayokwenda kila upande) ikakokotolewa, na karibu kila kitu kikatoka vizuri: bimu iko digrii 12 kama ilivyopangwa, upana wake kama digrii 3, gein (kiasi antena inavyokusanya nguvu upande mmoja) inalingana na hesabu ya mbunifu, lobu za pembeni ziko pale zinapotakiwa kuwa. Isipokuwa moja. Kwenye digrii 0 kabisa, si 0.5 wala 1, kuna lobu imesimama kwa −25 dB, iko peke yake, inapita mpango wote.

Mbunifu alikuwa na maelezo tayari na maelezo yenyewe si ya kijinga hata kidogo. Antena ya namna hii inainua bimu kwa sababu kila safu ya pachi inapata fezi iliyochelewa kidogo kuliko ya jirani yake, sasa kama kuna sehemu ya nguvu inapenya kwenye bodi na kuzifikia pachi zote kwa fezi moja bila kupitia zile hatua, basi ile sehemu itarusha mawimbi mbele moja kwa moja, yaani digrii 0. Kwa hiyo akasema fidi, yaani ule mtandao wa kulisha pachi, ina mpenyo, bodi ichorwe upya, ikatwe upya. Hiyo ni kazi ya wiki nyingi na pesa nyingi, na kabla haijaanza nikapewa data ghafi niiangalie. Nashukuru sana kwamba walikuwa wameihifadhi ile ghafi na sio picha za patani peke yake, manake kwa picha zile tu kisa hiki kisingetatulika.

Kwanza kwa nini wapime karibu. Ili uone patani halisi ya antena kwa kupima moja kwa moja unatakiwa ukae mbali, na kipimo kinachotumika ni mraba wa upana wa antena mara mbili, ugawe kwa urefu wa wimbi. Hapa urefu wa wimbi ni mm 30, na upana mkubwa wa paneli ni ule mshazari, kama sm 85, ukipiga hesabu unapata mita 48. Chumba cha mita 48 chenye kuta zilizofunikwa vifyonzi ni ndoto kwa maabara nyingi. Njia ya uga wa karibu inakwepa hilo: unaleta probu ndogo (antena ndogo ya kupokea) mbele ya antena, unaitembeza kwenye ukuta wa kufikirika pointi kwa pointi, kila pointi unarekodi ukubwa na fezi, halafu hesabu ndo inakupeleka mbali. Nadharia ya kuifanya hiyo kazi kwa usahihi pamoja na kusahihisha tabia ya probu yenyewe ilijengwa sana na David Kerns na wenzake kwenye maabara ya viwango ya Marekani kule Boulder kuanzia miaka ya 1960, na FFT (njia ya haraka ya kompyuta ya kuchambua data kuwa mawimbi) ilipokuja kuzoeleka baada ya 1965 hesabu ikawa ya dakika badala ya siku.

Hapa probu ilikuwa mm 120 kutoka kwenye uso wa antena, yaani mawimbi 4, umbali wa kawaida tu, unatosha kukwepa ule uga unaong'ang'ania antena bila kusafiri. Hatua kati ya pointi mm 14, iko chini ya nusu wimbi ambayo ni mm 15, safi. Pointi 87 kwa 87, upande mmoja wa ukuta ni kama mita 1.2, jumla pointi 7,569, na zote zikapimwa mara mbili, probu ikiwa imesimama wima na ikiwa imelazwa, ili upate polaraizesheni (mwelekeo ambao wimbi linatikisika) zote mbili. Ukuta wa mita 1.2 kwa antena ya sm 60 kwenye umbali huo unakupa patani ya kuaminika mpaka kama digrii 68 kila upande, kwa hiyo ukuta kuwa mfupi halikuwa tatizo hapa, wala hatua ya sampuli. Nimeyapita haraka haya kwa sababu yote yalikuwa yamefanywa vizuri na watu wanaojua kazi yao.

Sasa hesabu yenyewe, kwa wasioijua. Data ya ukuta ni jumla ya mawimbi bapa mengi, kila moja linaelekea upande wake. Wimbi linaloelekea mbele moja kwa moja linafika ukutani pointi zote kwa pamoja, kwa hiyo fezi yake ni ile ile ukuta mzima. Wimbi lililoinama linafika upande mmoja mapema na upande mwingine likiwa limechelewa, kwa hiyo fezi yake inazunguka kadiri unavyotembea. FFT ya pande mbili inachofanya ni kuuliza swali moja kwa kila upande unaowezekana, ni kiasi gani cha data hii kinazunguka kwa kasi ya upande huu? Jibu la kila upande ni wimbi bapa moja, na ukishasahihisha probu na kugeuza kutoka vipande vya x na y kwenda pembe unapata patani ya mbali. Kwa bimu ya digrii 12 na hatua ya mm 14, fezi inatakiwa isogee kama digrii 35 kila unaporuka pointi moja kwenda juu. Shika hizo digrii 35, na shika pia kwamba digrii 0 maana yake ni kitu kisichozunguka kabisa.

Kwenye ripoti waliyonitumia kulikuwa na mikato miwili tu, mmoja wa wima na mmoja wa mlalo, kila mmoja unapita katikati ya bimu kuu. Hili jambo linanisikitisha kila nikiliona. Umepima pointi elfu saba na mia tano, umepata patani ya nusu tufe nzima, halafu unaangalia mistari miwili! Nikachora ramani nzima ya pande mbili, nikajaza sifuri pembeni ya data kutoka 87 mpaka 512 ili ramani iwe laini (kujaza sifuri hakuongezi taarifa yoyote mpya, kunajaza tu nafasi kati ya pointi, ila kwa jicho kunasaidia sana maana bila hivyo pointi za ramani ziko kama digrii 1.4 mbalimbali na lobu nyembamba unaikosa).

Ramani ikaonyesha misalaba miwili. Msalaba mkubwa kitovu chake kiko kwenye bimu kuu, digrii 12 juu, mikono yake ni lobu za pembeni za paneli ya mraba, kitu cha kawaida kabisa. Msalaba wa pili ni hafifu, kitovu chake kiko kwenye 0,0 pale pale kwenye ile lobu, na mkono wake wa mlalo unapita sehemu ambayo antena hii haina sababu ya kurusha kitu, kwa sababu nje ya mikono ya msalaba mkubwa lobu za paneli ya mraba zinashuka mno. Hapo nikapima umbali kati ya vilele kwenye ule mkono. Lobu za antena ya sm 60 kwenye mm 30 zinajirudia kila digrii 2.9 hivi karibu na katikati, hiyo ni mm 30 ugawe kwa mm 600, huwezi kuikwepa, upana wa antena ndo unaamua. Kwenye msalaba hafifu zilikuwa zinajirudia kila digrii 1.4. Ukigeuza hesabu, kitu kinachojirudia kila digrii 1.4 kina upana wa kama mita 1.2.

Antena haina mita 1.2. Kitu pekee chenye mita 1.2 kwenye kipimo kizima ni ule ukuta wa kufikirika ambao probu inautembelea. Yaani chochote kilicholeta ile lobu kilikuwa kimeenea ukuta wote kutoka kona mpaka kona kwa ukubwa ule ule na fezi ile ile, na antena ya sm 60 iliyo mawimbi 4 nyuma haiwezi kufanya hivyo hata ikitaka.

Dalili ya pili ilikuwa kwenye polaraizesheni ya mkingamo, ile isiyokusudiwa. Antena hii imetengenezwa irushe wima. Kwa probu iliyolazwa unatarajia kuona kidogo sana, na kama fidi ingekuwa na mpenyo unaofika kwenye pachi, pachi zingerusha ule mpenyo kwa wima vilevile, kwa hiyo kwenye ramani ya mlalo lobu ya sifuri ingeshuka sana. Haikushuka. Ilikuwa na kimo kile kile, −25 dB dhidi ya kilele cha ramani ya wima, kana kwamba hakuna aliyezungusha probu. Mawimbi yanayopita hewani na kuingia kwenye probu hayawezi kupuuza namna probu ilivyokaa.

Nikaenda kwenye data ghafi, kwenye pembe nne za ukuta. Katikati ya ukuta data inafanya kama inavyotakiwa, ukipanda pointi moja fezi inaruka digrii 35, nyingine 34, nyingine 36, unaisikia bimu inainuka. Ukienda kona ya juu kushoto, mbali na uso wa antena, mawimbi yake yanatakiwa yawe madogo mno pale, na chini yake ubakie na kelele ya mashine tu, ambayo kwa mfumo ule ilitakiwa kuwa kama −70 dB chini ya kilele cha ukuta na fezi yake inarukaruka ovyo. Nilichokuta ni ukubwa uliogota kwenye −46 dB na fezi imetulia. Pointi baada ya pointi, namba ile ile ya fezi na digrii chache juu chini. Kona ya chini kulia, mbali kabisa na ile ya kwanza, fezi ni ile ile tena! Kelele haifanyi hivyo na antena haifanyi hivyo.

Hapa kuna swali ambalo mbunifu aliliuliza na ni swali zuri: −46 dB ni kitu kidogo sana, kinawezaje kuleta lobu ya −25 dB? Tufanye hesabu ya mkono. Kivuli cha antena kwenye ukuta kina kama pointi 43 kwa 43, hebu sema 1,850. Nguvu imepunguzwa kuelekea kingoni kwa hiyo ukubwa wa wastani kwenye kivuli ni kama 0.36 ya kilele. FFT ikijumlisha zote kwa upande wa digrii 12, zinapangana, unapata kama 666. Sasa kile kitu kisichozunguka, ukubwa wake ni −46 dB, yaani 0.005 ya kilele, lakini kiko kwenye pointi zote 7,569 na kwa upande wa digrii 0 zote zinapangana bila hata moja kupotea. 7,569 mara 0.005 ni 38. Gawanya 38 kwa 666 unapata 0.057, na hiyo ni −25 dB. Inakaa pale pale lobu ilipo. Kwa hiyo ukuta mkubwa, ambao tunaupenda kwa sababu unatupa pembe pana za kuaminika, ndo huo huo unaokuza kitu kama hiki, ukiuongeza pande zote mbili mara mbili lobu ya uongo inapanda dB 12 na antena haijabadilika chochote.

Na kwa nini gein na bimu kuu zilitoka sahihi? Kwa sababu mikono ya ule msalaba hafifu ikifika digrii 12 imeshashuka mpaka kama −53 dB, inachangia dB 0.02 tu, hakuna anayeiona. Ndo maana kila mtu aliamini kipimo, kila kitu kingine kilikuwa kinakubaliana.

Mpaka hapo mimi nilishaamini ni mvujo ndani ya mfumo wa kupima, signali inayofika kwenye risiva (mashine ya kupokea na kurekodi) bila kupitia hewani. Ila mbunifu na wapimaji walikuwa na mtuhumiwa mwingine na alistahili kusikilizwa, nao ni mwangwi kati ya probu na antena: mawimbi yanatoka kwenye antena, yanagonga probu na stendi yake, yanarudi kwenye paneli ambayo ni bapa na inang'aa kwa mawimbi kama kioo, yanarudi tena kwenye probu. Hilo ni tatizo la kweli, na kuna njia ya kawaida ya kulipunguza ambayo ni kupima kuta mbili zilizopishana robo wimbi na kuchukua wastani. Tukakubaliana wapime kuta tatu, mm 120, mm 127.5 na mm 135, manake tatu zinatenganisha watuhumiwa wote wawili.

Fikiria programu inafanya nini na umbali. Kila wimbi bapa linaporudishwa kutoka ukutani mpaka kwenye uso wa antena, programu inazungusha fezi yake kinyume kwa kadiri ya ule umbali. Ukiisogeza probu robo wimbi, mm 7.5, wimbi la kweli la digrii 0 linachelewa digrii 90, programu inazirudisha 90, zinalingana. Mwangwi umesafiri safari mbili za ziada, kwenda na kurudi, kwa hiyo baada ya programu kurudisha zake 90 bado mwangwi una 180 juu, na ukichukua wastani wa kuta mbili unajifuta. Mvujo je? Mvujo haujui kama probu imesogea. Fezi yake haikubadilika, lakini programu inaizungusha digrii 90 hata hivyo, kwa hiyo kwenye wastani unakuwa na mishale miwili iliyosimama kwa pembe mraba, wastani wake ni 0.707, yaani unashuka dB 3 na basi. Halafu ukisogeza nusu wimbi, mm 15, mambo yanageuka: mwangwi unarudi palepale ulipokuwa, haujifuti, wakati mvujo programu inauzungusha digrii 180 na wastani wake ni sifuri.

Wakapima. Wastani wa ukuta wa kwanza na wa pili, lobu ikashuka dB 3 kasoro kidogo. Wastani wa kwanza na wa tatu, lobu ikatoweka, na mahali pake ikabaki lobu ya kawaida ya antena chini ya −30 dB. Jibu safi hivi hulipati kila siku, na nilifurahi sana kuliona.

Mbunifu bado alitaka kitu anachoweza kukiona bila fezi wala programu, na kwa upande wake nilimwelewa, ni bodi yake inayoshtakiwa. Wakainamisha antena nzima digrii 3 kwenye stendi. Lobu yoyote ya kweli, iwe ya fidi au ya nini, imefungwa kwenye antena na lazima iende nayo. Bimu kuu ikaenda 15. Lobu za pembeni zikaenda nayo zote kwa digrii 3. Ile moja ikabaki sifuri. Kuanzia hapo habari ya kukata bodi upya ikafutwa.

Ikabaki kuutafuta mvujo wenyewe. Hatua ya kwanza waliitoa kebo kwenye antena wakaifunga lodi ya omu 50 (kizibo kinachomeza nguvu bila kuirusha), wakatembeza probu ukuta mzima kana kwamba wanapima. Kile kitu cha −46 dB kikabaki, kwa hiyo hakipiti kwenye antena. Hatua ya pili wakaitoa probu yenyewe kutoka kwenye miksa yake (kifaa kinachochanganya signali na ile ya oskileta ili ipimike) wakafunga lodi nyingine hapo, sasa hakuna anayerusha na hakuna anayepokea. Bado kipo! Kwa hiyo hakipiti hewani kabisa, na konekta iliyolegea au kebo iliyochubuka upande wa antena ikatoka kwenye orodha. (Konekta inayovuja hewani huwa haileti lobu nyembamba ya sifuri hata hivyo, kwa sababu probu ikitembea umbali wake na ile konekta unabadilika na fezi inabadilika nao, utaona ukungu uliotawanyika kwenye ramani badala ya kilele kimoja.)

Mfumo wenyewe umejengwa hivi: jenereta inatoa GHz 10, kapla inachota kidogo kwenda kwenye miksa ya rejea, kilichobaki kinaenda kwenye antena. Probu ina miksa yake, na hizi miksa mbili zinalishwa na oskileta moja kupitia kigawanyi kimoja. Miksa sio mlango wa kuingilia peke yake, GHz 10 inayoingia kwenye miksa ya rejea inavuja kidogo nyuma kupitia mlango wa oskileta, inarudi kwenye waya mpaka kwenye kigawanyi, na kigawanyi hakitenganishi pande zake kikamilifu, kwa hiyo kidogo kinavuka upande wa pili na kuingia kwenye miksa ya probu. Safari yote hiyo iko ndani ya waya na urefu wake haubadiliki, fezi haibadiliki, ukubwa haubadiliki, probu iwe kona gani. Ndicho tulichokiona kwenye pembe nne.

Wakaweka isoleta kwenye tawi la oskileta linalokwenda miksa ya rejea, kifaa kinachopitisha oskileta kwenda mbele na kubana kinachorudi nyuma kwa kama dB 20. Lobu ya uongo ikashuka kwa kiasi hicho hicho mpaka −45 dB, chini kabisa ya lobu za antena. Kwa vipimo vilivyokuwa vimeshafanyika na antena imeshaondoka kwenye stendi kuna njia ya kuokoa bila kupima upya: chukua ile data ya lodi mbili, tafuta wastani wake kama namba changamani yaani ukubwa na fezi pamoja, uitoe kwenye kila pointi kabla ya FFT. Tuliijaribu kwenye data ya mwanzo ikaleta karibu jibu lile lile, ila inategemea mvujo haujabadilika kati ya siku ya kupima na siku ya lodi, na joto la chumba likipanda fezi za waya zinatembea, kwa hiyo isoleta kwanza, kutoa baadaye.

Allen Newell alipoorodhesha mwaka 1988 vyanzo 18 vya makosa kwenye vipimo vya ukuta bapa, mvujo uliwekwa humo kama chanzo kinachojitegemea, pamoja na mwangwi, makosa ya mahali pa probu, ukuta kukatika na vingine. Yaani kitu hiki kinajulikana kitambo. Watu wanakiruka kwa sababu kukipima kunachukua saa nzima ya skana na antena imefungwa lodi, saa ambayo haileti patani yoyote ya kumpa mteja.

Kuna sehemu moja ya kisa hiki ambayo mimi naiona ni nzito kuliko yote na karibu ipite bila kuzungumziwa. Lobu ilionekana kwa sababu bimu ya antena hii imeinama. Antena nyingi zinazopimwa kwenye chumba kama kile zinaangalia mbele, bimu yao iko digrii 0. Mvujo ni ule ule, unaangukia pale pale sifuri, ila sasa juu ya kilele cha bimu kuu, na hakuna lobu ya kushtua mtu. Kitakachobadilika ni gein. 0.057 ikijumlishwa na 1 kwa fezi nzuri inakupa gein iliyozidi kama dB 0.5, ikija kwa fezi kinyume inakupunguzia kama 0.5, na ni fezi gani utapata inategemea tu probu ilikuwa umbali gani siku hiyo. Antena ile ile kwenye mm 120 na kwenye mm 135 inaweza kutofautiana dB 1 nzima na zote mbili patani yake inapendeza.

Kwa antena ndogo ni mbaya zaidi. Ukiilisha antena ya sm 30 kwa sm 30 nguvu ile ile na ukuta ule ule, jumla ya bimu kuu kwenye FFT inakuwa nusu na mvujo uko palepale, kwa hiyo badala ya −25 inakuwa −19 dB na kosa la gein linakaribia dB 1 kila upande. Zile antena ndogo za kawaida ambazo watu huzitumia kama rejea ya gein, halafu wanalinganisha nyingine zote nazo, ziko kwenye kundi hilo hilo.

Kwa hiyo baada ya isoleta kufungwa niliwaomba warudi kwenye kumbukumbu zao, watoe data ghafi ya kila antena yenye bimu ya mbele iliyopimwa kwa mpangilio ule wa oskileta, waanze na ndogo, na kwa kila moja waangalie pembe nne za ukuta kabla ya kitu kingine chochote. Fezi ikiwa imetulia pale, gein ya ile antena ipimwe upya kwa kuta mbili zilizopishana mm 15. Mbili za kwanza walizozitoa zilikuwa na fezi iliyotulia, moja ikiwa ni ile antena ya umbo la pembe (horn) wanayoitumia kama rejea ya gein.